Kuchagua waini za Kifaransa za kuweka stoo nyumbani, hatua kwa hatua

Kabla hujanunua chupa hata moja, chukua karatasi andika utakunywa lini na utakunywa na nani. Watu wengi wanaanza na majina makubwa ya Bordeaux, mtu anataka Margaux, anataka Petrus, anamaliza hela yote kwenye chupa tatu halafu anazifungua Krismasi ya mwaka huohuo wakati zilitakiwa zikae miaka 15, na mwishowe anasema waini za Kifaransa ni kali na hela inapotea bure tu. Stoo nzuri inapangwa kwa miaka ya kunywa, majina yanafuata baadaye. Mimi naishi Lyon, kaskazini yangu kuna Beaujolais na ukishuka kusini kidogo umeingia Côte-Rôtie, zote sehemu za mizabibu, kwa hiyo mtaona napendelea upande huu kidogo, ila mengine nimejitahidi kuyapa haki yake.

Hatua ya 1: Jua ipi inakaa na ipi haikai

Waini nyingi, hata za Ufaransa, zinatengenezwa zinywewe ndani ya miaka miwili mitatu. Kuiweka miaka 10 haiipandishi cheo, unaiua tu. Inayokaa inahitaji kitu cha kuishikilia, na hicho kitu ni kimoja au zaidi ya hivi: tanini, uchachu, au sukari.

Tanini ni ile hali ya kukausha ulimi na ufizi kama umekunywa chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi, inatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na kidogo kwenye pipa la mwaloni. Kwenye waini nyekundu changa inaweza kuwa kali mpaka ukakunja uso, lakini ikikaa inalainika, na rangi yenyewe inaanza kutoka zambarau kwenda matofali. Uchachu ndio unaobeba waini nyeupe za zabibu kama Riesling na Chenin. Sukari inabeba zile tamu za Sauternes na Vouvray, ambazo zinaweza kukuzidi umri wewe mwenyewe.

Lakini tanini peke yake haitoshi, lazima na tunda liwepo la kutosha. Waini kali isiyo na tunda ikikaa miaka 10 tunda linakwisha ukali unabaki. Ukionja changa jiulize: nikishaumeza huu ukali, kuna ladha ya zabibu iliyobaki mdomoni au kumekauka tu? Ikibaki muda mrefu hiyo ina maisha.

Hatua ya 2: Pata mahali kwanza, chupa baadaye

Hapa sitapita haraka maana ndipo hela za watu zinapopotelea. Waini inataka joto la nyuzi 12 hadi 14 hivi, na zaidi ya namba yenyewe inataka joto lisilopanda na kushuka kila siku. Joto likipanda waini inatanuka inasukuma kizibo, likishuka inasinyaa inavuta hewa ndani, ukirudia hivyo miezi kadhaa hewa imeshaingia na waini imechoka. Unyevu uwe kama asilimia 70, ukiwa mdogo sana kizibo kinakauka, ukiwa mkubwa sana lebo zinaota ukungu (waini yenyewe haina neno, ila ukitaka kuuza siku moja lebo iliyooza inashusha bei). Giza. Utulivu, yaani isiwe juu ya jenereta wala pembeni ya mashine ya kufulia. Na chupa zilale, ili kizibo kilowe muda wote. Champagne hata ikisimama haiharibiki, maana gesi ya ndani inaweka unyevu wa kutosha.

Huku Ufaransa nyumba za zamani zina chumba cha chini ya ardhi kila ghorofa na sehemu yake, sakafu ya udongo, kiangazi na baridi joto linabadilika taratibu sana, basi mtu anaweka rafu tu kazi imeisha. Ila chunguza mabomba ya kupasha nyumba joto kama hayapiti humo, yakipita sahau.

Sasa kwa nyie mlioko Dar, Mombasa, Zanzibar au Muscat, tusidanganyane, hakuna kona ya nyumba ya pwani itakayokupa nyuzi 14 bila umeme. Chini ya ngazi sio stoo, ndani ya kabati la jikoni sio stoo. Unahitaji friji ya waini. Na unapoinunua angalia vitu viwili ambavyo muuzaji mara nyingi hakwambii. Kwanza, iwe ya kompresa, usichukue zile ndogo za bei rahisi zisizo na kompresa maana zile zinashusha joto kama nyuzi 10 hadi 15 tu chini ya joto la chumba, chumba kikiwa nyuzi 33 ndani bado ni 20 na ushee. Pili, tafuta kwenye kibandiko cha nyuma herufi ya klasi ya hali ya hewa: N imepimwa kufanya kazi mpaka nyuzi 32, ST mpaka 38, T mpaka 43. Pwani nunua T. Ukiagiza Ulaya ikawa ya N inaweza kufa mapema ikifika kwetu.

Umeme ukikatika usifungue mlango. Friji iliyojaa chupa inashika ubaridi muda mrefu, masaa kadhaa hayana shida. Ukiwa unaishi sehemu unakatika siku nzima mara kwa mara, basi nakushauri kwa moyo mmoja nunua waini za kunywa ndani ya mwaka na hizi za miaka mingi ziache.

Arusha, Nairobi, Bukavu, Kigali kuna nafuu kidogo maana usiku kunapoa, chumba cha upande usiopigwa na jua chenye ukuta mnene kinaweza kukupa nyuzi 18 hadi 20 zilizotulia. Hapo waini itakua haraka kuliko stoo ya Ufaransa lakini haitaharibika, kwa hiyo ile ya miaka 15 wewe ihesabu kama 8 au 10. Weka kipimajoto humo miezi miwili kabla hujaleta chupa, kile cha kuonyesha joto la juu kabisa na la chini kabisa, usitegemee mkono wako kupima.

Friji ya kawaida ya jikoni ni nyuzi 4, kavu, inatetemeka. Wiki chache sawa. Miaka hapana.

Hatua ya 3: Gawa hela kwa miaka

Tuseme unataka chupa 60, ni idadi nzuri ya kuanzia na inaingia kwenye friji moja ya wastani (kumbuka idadi wanayoandika kwenye friji ni ya chupa nyembamba za Bordeaux, za Bourgogne (Burgundy) na Champagne zina matumbo, zinaingia chache). Mimi ningegawa hivi: 24 za kunywa kuanzia leo mpaka miaka 3, 24 za miaka 4 hadi 8, na 12 za miaka 10 na kuendelea. Zile 24 za kwanza ndizo zinazolinda zingine, ukiwa huna cha kunywa cha kawaida siku wageni wakija lazima mkono uende kwenye zile ambazo hazijaiva.

Na kwenye zile za kukaa, nunua chupa 3 au 6 za waini moja, usichukue moja moja. Ukiwa na 6 unafungua ya kwanza mapema kuonja imefika wapi, ya pili baada ya miaka miwili, na kadhalika, unajua kabisa saa yake ni ipi. Ukiwa na moja unabahatisha.

Hatua ya 4: Chagua maeneo

Hapa nitaenda kwa jinsi ninavyoona hela inafanya kazi, sio kwa umaarufu.

Anza na zile kata kumi za Beaujolais zenye majina yake. Watu wengi wanajua ile Beaujolais changa inayotoka Alhamisi ya tatu ya Novemba kila mwaka, ile kunywa ukimaliza mavuno, haiwekwi. Mimi nasema Morgon, Moulin-à-Vent, Fleurie, Chénas, Juliénas na wenzao. Zabibu ni Gamay, udongo mwingi ni wa graniti, na chupa ya mkulima mzuri kutoka kile kilima cha Côte du Py pale Morgon ukiipa miaka 6 au 8 inaacha ile harufu ya stroberi inaingia kwenye vitu vya ardhini, majani makavu, cheri iliyoiva sana, kuna watu wazoefu wameionja bila kuona lebo wakasema ni Bourgogne. Bei yake nyingi ni kati ya euro 12 na 25. Ni sehemu chache Ufaransa nyekundu ya kuweka inapatikana kirahisi hivi, na hapa ndio ningeweka nusu ya zile 24 za katikati.

Kusini mwa Lyon kuna Rhône ya kaskazini, zabibu nyekundu ni moja tu, Syrah. Vilima ni vya mwinuko mkali mpaka kazi nyingi inafanywa kwa mikono, trekta haipandi, ndio maana bei iko juu. Hermitage ni kilima kimoja tu juu ya mji wa Tain, hekta zisizofika 150 zote, waini yake inakaa miaka 20, 30. Côte-Rôtie inanukia ua na pilipili manga. Cornas ilikuwa ya wakulima wa kawaida, sasa hivi nayo imepanda. Ambaye hana hela hizo achukue Saint-Joseph au Crozes-Hermitage, ila kwenye Crozes kuwa makini maana eneo ni kubwa na sehemu ya tambarare inatoa waini nyepesi, zuri lake unakunywa kwenye miaka 3 hadi 6.

Rhône ya kusini, Châteauneuf-du-Pape, joto zaidi, zabibu ya Grenache ndio mama, sheria zinaruhusu aina 13 za zabibu. Ina kilevi kikubwa, 14.5, 15, na inapendwa na walaji nyama. Miaka 8 hadi 15. Gigondas ni jirani yake, bei pungufu, na mimi naichukua hiyo.

Bordeaux. Hapa lazima tukae kidogo. Kuna mto Gironde na matawi yake mawili, Garonne na Dordogne. Upande wa kushoto, Médoc, udongo wa changarawe, zabibu ya Cabernet Sauvignon inatawala, vijiji ni Saint-Estèphe, Pauillac, Saint-Julien, Margaux. Upande wa kulia, udongo wa mfinyanzi na chokaa, Merlot inatawala, Pomerol na Saint-Émilion. Ya kushoto ni ngumu ikiwa changa na inadai subira, ya kulia inafunguka mapema zaidi.

Ile orodha maarufu ya madaraja matano ilitengenezwa mwaka 1855 kwa ajili ya maonyesho ya Paris enzi za Napoleon III, na madalali wa Bordeaux waliipanga kwa kuangalia bei za sokoni. Tangu hapo badiliko kubwa ni moja, Mouton Rothschild kupandishwa daraja la kwanza mwaka 1973. Kwa hiyo daraja liko kwenye jina la shamba hata kama mwenye shamba kabadilika, ardhi imeongezwa, au kiwango kimeshuka na kupanda mara tatu hapo katikati. Kuna shamba la daraja la tano linalotengeneza waini nzuri kuliko la daraja la pili, Lynch-Bages na Pontet-Canet ni mifano ambayo kila mtu anakubali. Saint-Émilion wao wana orodha yao inayorudiwa kila miaka kama 10, na ile ya 2022 ilitoka huku Ausone, Cheval Blanc na Angélus wameshajitoa wenyewe, kwa hiyo usilishike lile neno la "Classé" (iliyopewa daraja) kama dhamana. Pomerol hawana orodha kabisa na ndiko iliko Petrus.

Kwa mtu wa kawaida Bordeaux yenye maana iko kati ya euro 15 na 40: mashamba mazuri ya Haut-Médoc, Moulis, Listrac, Fronsac, Lalande-de-Pomerol, Castillon, na zile chupa za pili za mashamba makubwa ambazo zimetengenezwa na mikono ileile kwa mizabibu michanga. Zipe miaka 7 hadi 12.

Bourgogne naipenda kuliko zote lakini sitamshauri mtu anayeanza aweke hela nyingi huko. Ardhi imegawanywa vipande vipande, baada ya Mapinduzi ya Ufaransa mashamba ya kanisa yaliuzwa, halafu sheria ya mirathi ikagawa kwa watoto wote sawa, kizazi baada ya kizazi. Clos de Vougeot ni hekta 50 hivi tu zenye ukuta mmoja na ndani kuna wamiliki kama 80, kila mmoja na mistari yake, lebo zote zinasema Clos de Vougeot, zote daraja la juu kabisa, na waini mbili kutoka humo zinaweza zisifanane hata kidogo. Kwa hiyo Bourgogne unanunua jina la mkulima kwanza, la shamba pili. Pa kuanzia ni vijiji ambavyo havijapiga kelele: Marsannay, Fixin, Givry, Mercurey, Savigny-lès-Beaune, Saint-Aubin kwa nyeupe. Nyeupe za Bourgogne zina tatizo moja la kweli, tangu zile za mavuno ya katikati ya miaka ya 1990 chupa nyingi zimekuwa zikizeeka kabla ya wakati, unafungua chupa ya miaka 8 imekuwa kahawia inanuka tofaa lililooza. Kwa hiyo nyeupe za huko, hata za gharama, mimi nazinywa kwenye miaka 3 hadi 7, sizidishi.

Loire msiipite. Chinon, Bourgueil na Saumur-Champigny, nyekundu za Cabernet Franc, bei ya Beaujolais, mwaka wenye jua zinakwenda miaka 10 hadi 15 kwa raha kabisa. Na Vouvray ya Chenin, soma neno lililoandikwa: sec ni kavu, demi-sec ina utamu kiasi, moelleux ni tamu. Ile demi-sec ya mkulima mzuri na samaki wa nazi, jamani, pwani hamjajua mnachokosa.

Alsace kwa Riesling. Bandol kwa zabibu nyekundu ya Mourvèdre, sheria inalazimisha ikae kwenye mbao miezi 18 kabla ya kuuzwa, na ikifika miaka 10 inakuwa kitu kingine. Cahors na Madiran kwa wanaopenda ukali na subira. Sauternes chukua chupa mbili tatu, nusu chupa zinatosha. Zabibu zake zinapigwa na kuvu kutokana na ukungu wa asubuhi wa mto Ciron, zinasinyaa, sukari inajikusanya, wavunaji wanarudi shambani mara kadhaa kuchuma zilizofikia tu. Mwaka mbaya shamba kubwa la huko, Château d'Yquem, hawatoi kabisa, 2012 hawakutoa. Na ukipata ile ya njano ya Jura, vin jaune, ya chupa ya sentilita 62, nunua moja, imekaa kwenye pipa miaka 6 na zaidi kabla haijakufikia na hata joto la stoo yako haiogopi sana.

Hatua ya 5: Soma lebo kwa utulivu

Shika chupa, soma kutoka chini kwenda juu. Chini kabisa maandishi madogo: "mis en bouteille au château" au "au domaine" maana yake imejazwa palepale shambani. Ukiona imejazwa na kampuni nyingine kwenye mji mwingine sio lazima iwe mbaya, kuna wafanyabiashara wa Beaune, mji wa Bourgogne, wanatengeneza waini nzuri sana, ila ujue unanunua mkono wa nani.

Kisha neno "Appellation ... Contrôlée" au "Protégée", hilo la katikati ndilo eneo. Kadiri eneo linavyokuwa dogo ndivyo sheria inavyokuwa kali: Bordeaux tupu ni mkoa mzima, Haut-Médoc ni sehemu yake, Pauillac ni kijiji.

Bourgogne kuna mtego. Kijiji cha Gevrey mwaka 1847 kilijiongezea jina la shamba lake maarufu la Chambertin, likawa Gevrey-Chambertin, na Puligny na Chassagne nao wakachukua Montrachet. Kwa hiyo Gevrey-Chambertin ni waini ya kijiji, Chambertin peke yake ni daraja la juu kabisa, tofauti ya bei inaweza kuwa mara kumi. Mtu asikuuzie ya kwanza kwa sifa za ya pili.

Maneno ya kutoyalipia hela: "Grand Vin de Bordeaux", "Vieilles Vignes" (mizabibu mizee), "Réserve", "Cuvée Prestige", picha ya jumba, medali ya dhahabu. Hakuna sheria inayosema mzabibu ukifika miaka mingapi ndio mzee. Mkulima mwaminifu akiandika anamaanisha, asiye mwaminifu naye anaandika.

Hatua ya 6: Mwaka wa mavuno

Usiabudu mwaka. Bordeaux 2005, 2009, 2010, 2016 na 2019 ni miaka mikubwa, 2013 ilikuwa mbaya. Aprili 2017 na Aprili 2021 baridi ya kugandisha iliua machipukizi maeneo mengi, Bourgogne 2021 nyeupe zilikuwa chache sana. Mwaka 2003 joto lilizidi, waini nyingi zikaiva kama jamu. Hayo yanatosha kuanzia.

Matumizi yake ni haya: miaka mikubwa inunue kwa ajili ya lile fungu la miaka 10 na kuendelea, na kwa wakulima wadogo ambao mwaka wa kawaida zabibu zao haziivi vizuri. Miaka ya wastani kama 2014 na 2017 ya Bordeaux inunue kwa mashamba makubwa, bei iko chini, na inaiva mapema, utainywa ukiwa unaisubiri ile 2016.

Hatua ya 7: Nunua, na ukague kila chupa

Kama uko Ufaransa, kila Septemba maduka makubwa yanafanya mauzo ya waini, kuna bei nzuri kwenye Bordeaux ila fika siku ya kwanza. Kwa Beaujolais, Loire na Rhône nenda kwa mkulima mwenyewe, piga simu kwanza, mara nyingi utaonja bure, na ni heshima kununua walau chupa chache. Kuna pia kununua kabla ya kujazwa, unalipa majira ya machipuko baada ya mavuno na chupa inakuja kama miaka miwili baadaye, hiyo kwa anayeanza haina faida, hela yako inalala na ukitaka chupa yenyewe mara nyingi utaikuta baadaye kwa bei ileile au chini.

Kama uko Afrika Mashariki muulize muagizaji swali moja: imekuja na kontena lenye friji au la kawaida? Kontena la chuma kukaa bandarini kwenye jua ni oveni. Asipojua jibu, nunua chupa moja ujaribu. Ukibeba mwenyewe kwenye begi uliza forodha kiasi kinachoruhusiwa kabla hujasafiri, na chupa ikifika ilaze wiki mbili tatu ndio ufungue.

Kukagua fanya hivi. Inua chupa kwenye mwanga. Kwa waini changa kimo kiwe ndani ya shingo, vidole viwili hivi chini ya kizibo. Kwa chupa ya Bordeaux ya miaka 20 kuwa chini ya shingo ni kawaida, ikishuka mpaka katikati ya bega achana nayo. Pitisha kidole juu, kizibo kikiwa kimetuna kimeinua kifuniko, hiyo imepikwa na joto. Tafuta alama ya kunata inayoteremka kutoka chini ya kifuniko, hiyo imevuja. Duka lenyewe likiwa na chupa zimesimama dirishani jua linazipiga, usikague, ondoka.

Feki zipo, na ziko kwenye majina makubwa. Mwaka 2008 kwenye mnada New York chupa za Clos Saint-Denis, shamba la Bourgogne, za Domaine Ponsot zenye miaka kuanzia 1945 mpaka 1971 ziliondolewa dakika za mwisho baada ya Laurent Ponsot mwenyewe kusafiri kuja kuzizuia, kwa sababu familia yake ilianza kutengeneza Clos Saint-Denis mwaka 1982. Aliyeziweka sokoni, Rudy Kurniawan, alikutwa na hatia 2013 na kupewa kifungo cha miaka 10. Walioumizwa walikuwa matajiri wenye washauri. Kwa hiyo Petrus ya zamani anayokuuzia mtu kwa WhatsApp bila risiti ya ilikopita, mwache nayo.

Hatua ya 8: Andika, na ufungue kwa wakati

Daftari moja au jedwali kwenye simu: jina la mkulima, eneo, mwaka, bei, umenunua wapi, iko rafu gani, na mwaka wa kuanza kunywa na wa kumaliza. Ule wa kumaliza ndio watu hawauandiki, na ndio maana wanakuta chupa zimekufa. Kila Januari pitia, zile ambazo mwaka wake umefika zihamishe rafu ya mbele.

Waini changa kali unaweza kuimimina kwenye jagi saa moja au mbili kabla, hewa inailainisha. Ya zamani kinyume chake: isimamishe wima siku nzima au mbili ili mashapo yakae chini, ifungue muda mfupi kabla ya chakula, mimina polepole kwa mwendo mmoja bila kuirudisha wima, mwanga wa tochi ya simu uwe nyuma ya shingo, ukiona ule mstari mweusi unakaribia shingoni acha hapohapo. Kizibo cha miaka 25 kinakatika kirahisi, kizibuo cha bapa mbili kinachopita pembeni ya kizibo kinasaidia kuliko cha kuzungusha.

Nyekundu nyuzi 16 hadi 18, na huko kwetu "joto la chumba" sio hilo, kwa hiyo nusu saa kwenye friji kabla ya kuileta mezani, Beaujolais hata zaidi, nyuzi 14 inatosha. Ikibaki, rudisha kizibo weka kwenye friji hata kama ni nyekundu, changa inavumilia siku mbili tatu, ya zamani imalizeni usiku huohuo, na ile ya njano ya Jura inaweza kukaa wiki kadhaa imefunguliwa na bado ikawa nzuri.